Santuri za zamani za kinanda za Krismasi: kuzitafuta, kuzitunza na kuzigawa ukiwa Malindi

Ukitaka kujua santuri ni nzima ama imechoka usiweke ya ngoma wala ya gitaa, weka ya kinanda. Gitaa likipigwa sauti inaanza kufa papo hapo, kwahiyo sahani ikiyumba kidogo hushtuki, lakini kinanda cha kanisa kikishika noti kinaishika mpaka mpigaji ainue kidole, na kama sahani imepinda, ama tundu la kati limekaa upande, ama mota ya mashine inasuasua, utaisikia ile noti ikipanda na kushuka mpaka ukereke. Alafu za Krismasi zina jambo lao lengine, zinachezwa wiki mbili tatu kwa mwaka kisha zinarudi kabatini, kwahiyo unaweza kupata ya mwaka 1960 ambayo mifereji yake ni safi kuliko ya dansi iliyotoka juzi, ila kukaa kabatini miezi yote hiyo na hii chumvi na unyevu wetu wa pwani nako si mchezo. Basi karibu kila ntakachosema hapa, kuanzia kununua mpaka kuwatumia watu, kinarudi kwa hiyo noti ndefu.

Kwanza ujue unatafuta kinanda gani

Viko vya aina tatu na kila kimoja kinasikizwa kivyake. Kuna cha mabomba cha kanisani. Kuna cha sinema, kama vile vya Wurlitzer, nacho pia ni cha mabomba lakini kiliundwa kwa kumbi za filamu zama zile filamu hazina sauti, kina kengele na ngoma ndani yake na sauti yake inatetemeka kwa makusudi. Na kuna Hammond cha umeme, kilianza kuuzwa Marekani 1935 na ndo kilichofika majumbani na makanisa madogo madogo.

Majina ya kushika kichwani si mengi. Kwa kinanda cha kanisa mtafute E. Power Biggs, Mwingereza aliyehamia Marekani akarekodia sana kampuni ya Columbia. Kwa cha sinema yuko Jesse Crawford upande wa Marekani na Reginald Dixon upande wa Uingereza, huyu alipiga pale ukumbi wa Blackpool Tower tangu 1930 mpaka akastaafu 1970. Kwa Hammond chukua Ken Griffin, alifariki 1956 lakini santuri zake ziliendelea kuuzwa miaka mingi baadaye, kwahiyo ukiona kava ya kisasa kisasa usidhani ni rekodi mpya. Maoni yangu, na wengine watanipinga, anayeanza aanze na Hammond. Ni za bei nafuu, na zina faida moja ya kiufundi ntakayoieleza mbele.

Kuhusu saizi: zile nzito za spidi 78 (mizunguko 78 kwa dakika) ni za shelaki, yaani utomvu mgumu unaovunjika kirahisi, ya inchi 10 inabeba kama dakika 3 tu kila upande. LP, zile sahani kubwa za spidi 33, zilikuja 1948, za spidi 45 zikafuata 1949, stirio, yaani sauti ya chaneli mbili, ikaingia madukani kwa wingi 1958. Kuna LP za miaka ya 60 zimeandikwa stirio kubwaa kwenye kava na kumbe zilirekodiwa mono (chaneli moja) kitambo zikapikwa upya kwa mitambo, kinanda kinasikika kama kiko chooni, hizo waachie wenyewe. Mono ya kweli ni bora mara kumi.

Kuzitafuta

Malindi tuna bahati ambayo miji mingi haina. Waitaliano walianza kujazana hapa miaka ya 1960, wakati wa kile kituo cha San Marco kule Ngomeni ambapo setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la baharini Aprili 1967, alafu zikaja hoteli, zikaja nyumba za Casuarina na Silversands, na watu walihamia na vyombo vyao pamoja na masanduku ya santuri. Sasa wengi wamezeeka, nyumba zinauzwa, na mnunuzi mpya hataki masanduku. Mtu wa kujuana naye si broka wa nyumba, ni yule mzee anayetunza nyumba mwenyewe akiwa hayupo, manake yeye ndo anajua stoo kuna nini. Enda kwa adabu, mpe shikamoo yake, piga stori, alafu uliza kama kuna sahani za muziki za zamani zinazosumbua nafasi. Usiseme "za thamani", ukishalitamka hilo neno bei ishapanda na hujaziona bado.

Lakini sikiza, hapa nasisitiza: ukiambiwa "chukua tu kaka, mwenyewe hana haja nazo", omba mwenyewe athibitishe, hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Mzee asije akafukuzwa kazi kwa ajili ya sanduku la Krismasi.

Kwa masanduku ya Kiitaliano utakutana sana na pastorale za kinanda, muziki wa mwendo wa kubembea unaoiga zumari za wachungaji, Waitaliano Krismasi yao bila hiyo haijakamilika. Mengine ya kujaribu ni nyumba za mapadri na masista, walimu wastaafu wa kwaya, na wauza mitumba Mombasa. Nairobi pale Kenyatta Market kuna vibanda vya santuri, ila wao wanajua bei zao na wengi wanashughulika na benga, rumba na soul, kwahiyo za kinanda wakati mwengine wanakupa bei ya kutupa manake haziendi. Kama una ndugu Italia ama Uingereza mwambie apite maduka ya mitumba ya hisani mwezi wa Januari, si Desemba. Desemba kila mtu anazitaka.

Bei ya kusoma kabla hujatoa pesa iko kwenye tovuti ya Discogs, angalia zilizouzwa kweli, usiangalie zinazoombwa. Nyingi ya hizi ni za bei ya chini, asikudanganye mtu kwamba ni dhahabu.

Kukagua kabla hujalipa

Hapa ndo penye kazi kwahiyo tutakaa.

Toa sahani kwenye mfuko, ishike pembeni kwa viganja, iinamishe kwenye mwanga wa jua wa asubuhi, si chini ya taa ya dukani. Mikwaruzo ile myembamba kama nywele haitishi sana. Inayotisha ni ile ambayo ukipitisha ukucha taratibu unakwama. Angalia rangi ya mifereji pia, kama ni ya kijivu na imefifia badala ya kung'aa nyeusi basi ilichezwa na sindano nzito iliyochoka, na hakuna dawa.

Alafu ilaze mbele ya macho uone kama imepinda. Kisha omba iwekwe kwenye mashine na usiangalie sahani, angalia mkono wa sindano. Ukipanda na kushuka, sahani imepinda. Ukienda kushoto na kulia, tundu haliko katikati. Kwa santuri ya taarab ama ya kwaya ungesamehe, kwa kinanda hiyo ya kwenda kushoto na kulia ndo inayoua.

Sasa mtego. Kinanda cha sinema na Hammond vinatetemeka vyenyewe, na mgeni anadhani santuri ni mbovu. Tofauti ni rahisi, hesabu. Kosa la sahani linakuja mara moja kwa kila mzunguko, kwa LP ni kila sekunde 1.8, kwa 78 ni kama kila robo tatu ya sekunde. Mtetemo wa kinanda ni wa haraka, kama mara sita kwa sekunde moja, huwezi hata kuuhesabu kwa kidole. Kama unaweza kuuhesabu kwa kidole, rudisha hiyo sahani.

Cha mwisho, usisikize wimbo wa kwanza, peleka sindano kwenye wimbo wa mwisho wa upande. Huko karibu na lebo mifereji inapita polepole chini ya sindano na sauti inachafuka kirahisi, na wapanga santuri za Krismasi wana tabia ya kumalizia na wimbo mkubwa kinanda kikiwa kimefunguliwa chote. Ukisikia unakwaruza hapo, shusha bei ama uache.

Mashine

Kabla ya kununua mashine iliyotoka Marekani soma kibati cha nyuma. Umeme wao ni volti 120 na 60 Hz (Hz ni mitikisiko kwa sekunde), wetu ni 240 na 50 Hz. Transfoma itakurekebishia volti lakini Hz haiigusi, na mashine nyingi za zamani mota zake zinafuata Hz, kwahiyo spidi 33 inageuka kama 28 na kila kitu kinashuka kama robo ya oktavu (oktavu ni kutoka do mpaka do), muziki wa Krismasi unakuwa wa matanga. Za Ulaya na Japani zilizotengenezwa kwa 50 Hz hazina shida hiyo, na pia zile ambazo mota yake inatumia umeme wa DC.

Sindano ni mbili, si moja. Ya LP ni nyembamba, kama maikroni 18 mpaka 25, na ya 78 ni nene, kama 65 mpaka 75. Ukiweka ya LP kwenye 78 itaburura chini ya mfereji na kukupa kelele tupu. Na kama nyumbani kuna ile gramafoni ya babu ya kujaza kwa mkono, usiiwekee LP kamwe, ile sindano ya chuma itaichimba, na hata kwa 78 sindano ya chuma unabadilisha kila upande mmoja.

Spidi pima. Hapa ndo ile faida ya Hammond: mota yake ilikuwa imefungwa kwenye Hz za umeme, kwahiyo noti yake ya la (A) iko 440 Hz palepale. Weka santuri ya Hammond, fungua programu ya kupimia gitaa kwenye simu, kama inasoma chini ama juu basi mashine yako ndo inadanganya, rekebisha. Usijaribu hivyo na kinanda cha mabomba. Mabomba yanafuata hali ya hewa, kila digrii moja ya joto ikishuka sauti nayo inashuka kama senti 3 (si za pesa, senti moja ni sehemu ya mia ya nusutoni), na Desemba makanisa ya Ulaya ni barafu, kwahiyo kanisa likiwa na baridi digrii 10 zaidi kinanda kizima kinakaa kama senti 30 chini. Hiyo si kosa, ndo Krismasi yenyewe hiyo. Rekebisha mashine kwa Hammond kisha yale ya kanisani yaache yalivyo.

Kutunza na kusafisha na hii hewa yetu

Simamisha, usilaze. LP zikilazwa moja juu ya nyengine na joto la kaskazi la Januari na Februari zinapinda taratibu, na za shelaki zinavunjika kwa uzito. Chumba cha chini cha nyumba ya mawe ni pazuri kuliko chini ya mabati, na chini ya makuti ndo usijaribu, vumbi na mavi ya mijusi vinadondoka mwaka mzima. Usiache santuri kwenye gari hata ukiingia dukani mara moja, jua letu la mchana halihitaji saa nzima. Rafu iwe mbali na ukuta na miguu yake ikaguliwe mchwa, mende nao wanapenda gundi ya kava na karatasi za lebo.

Adui mkubwa ni masika, Aprili mpaka Juni, kila kitu kinashika ukungu. Weka vile vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani ya boksi na ubadilishe, na mara moja moja fungua ziipate hewa siku kavu.

Kusafisha LP tumia maji yaliyotoneshwa na tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, fuata mzunguko wa mifereji, usilowanishe lebo, suuza kwa maji hayohayo na ukaushe kivulini. Hayo maji petroli stesheni wanauza kama ya kuongezea betri, ila hakikisha ni maji, si asidi, soma chupa mara mbili. Maji ya bomba ya Malindi yana chumvi, yakikauka yanaacha ukoko ndani ya mifereji. Spiriti na kila chenye alkoholi ni haramu kwa shelaki, inayeyusha. Ukungu ukiwa mwingi vaa barakoa na usafishie nje.

Na kama sahani ina unga mweupe wa mafuta mafuta ama ngozi yake inabanduka kwenye bati, hiyo ni sahani ya laki iliyorekodiwa moja tu, pengine ni kwaya ya mtu na hakuna nakala nyengine duniani. Usioshe, usicheze, tafuta mtaalamu.

Kurekodi kwenye laptopu

Unahitaji mashine, priamplifaya ya fono (kifaa cha kukuza ile sauti ndogo ya sindano) kama mashine haina yake ndani, kadi ya sauti ya USB na programu ya Audacity ambayo ni bure. Weka biti 24 na 96 kHz ukiweza, kilele cha sauti kwenye mita ya programu kisipite -6 dB, na tafuta kipimo hicho kwa ule wimbo mkubwa wa mwisho, si kwa wa kwanza ulio mpole.

Zima pangaboi, mtikisiko wake unapitia ukutani mpaka kwenye sindano. Spika nazo zifunge, sikiza kwa hedifoni. Laptopu itumie betri yake, chaja inaleta mvumo, na isitoshe stima ikikatika hupotezi kazi.

Huo mvumo wenyewe ni hadithi. Umeme wetu unavuma kwa 50 Hz, na noti ya sol ya chini kabisa anayoipiga mtu wa kinanda kwa mguu iko 49 Hz. Umeona balaa? Ukisema utaufuta mvumo kwa programu unafuta na mguu wa mpigaji. Kwahiyo mvumo unauondoa kwenye waya, unganisha ule waya mdogo wa ardhi wa mashine na priamplifaya, sogeza transfoma mbali, safisha vile vipini vya katriji (kichwa kinachoshika sindano) manake chumvi inavila. Vilevile chujio linalokata sauti za chini, wengi wanaliweka kwenye 40 Hz kwa mazoea. Bomba la futi 16 linaimba karibu na 33 Hz na la futi 32 karibu na 16, ukikata hapo umebaki na kinanda kisichokuwa na miguu. Kwa mono, changanya chaneli mbili ziwe moja na nusu ya mikwaruzo inaondoka bila kuugusa muziki. Mipasuko mikubwa ifute mmoja mmoja kwa mkono, ukitumia dawa ya jumla kengele zinakufa pamoja na mikwaruzo.

Hifadhi nakala ghafi ambayo hujaigusa. Dakika 40 za stirio kwa kiwango hicho ni kama GB 1.4, ukiigeuza iwe faili ya aina ya FLAC inapungua karibu nusu bila kupoteza kitu.

Kuwagawia watu

Kabla hujapandisha popote jua kuna mali tatu ndani ya sahani moja: wimbo, mpangilio wa mpigaji, na rekodi yenyewe. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 wimbo unalindwa mpaka miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi, na rekodi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ule wimbo wa usiku mtakatifu wa 1818 ni wa wote, Franz Xaver Gruber alifariki 1863. Nyimbo za Irving Berlin, mtunzi wa Marekani, si za wote, yeye alifariki 1989 kwahiyo mpaka mwisho wa 2039. Rekodi ya 1962 hapa kwetu muda wake umeisha, lakini Marekani rekodi za kuanzia 1957 mpaka katikati ya Februari 1972 zimefungwa mpaka 2067, na YouTube iko Marekani, hivyo usishangae video ikizuiwa. Hata Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, na ule mradi wao mkubwa wa santuri za 78 walishtakiwa 2023 na kampuni kubwa za muziki. Mimi nasema hivi: za zamani kweli weka wazi, za katikati wasikilizishe watu nyumbani kwako, na za ambazo zina mwenyewe acha.

Kila faili iandikie jina la mpigaji, aina ya kinanda na kilipo kama kava imetaja, kampuni, namba ya santuri, na zile namba zilizochongwa pale patupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo, manake santuri mbili za kava moja zinaweza kuwa zimekatwa tofauti. Piga picha kava mbele na nyuma. Faili isiyo na maelezo baada ya miaka miwili ni kelele tu, hata wewe mwenyewe hutajua ni nini.

Kwa WhatsApp tuma kama dokumenti ndo ifike kama ulivyoitengeneza. MP3 ya kbps 192 kwa LP nzima ni kama MB 58, ya 320 ni kama MB 96, fikiria bando la mwenzako. Wazee wengi wanapendelea flashi wachomeke kwenye redio, na kweli ndo njia iliyo rahisi.

Ukimpa mwalimu wa kwaya, mwandikie pia kinanda kimekaa senti ngapi chini ama juu ya 440. Yeye atataka mtoto anayepiga kinanda afuatishe kwa kibodi, na kibodi ikiwa 440 kamili dhidi ya kanisa la baridi zitagombana tangu noti ya kwanza. Kibodi nyingi zina sehemu ya kushusha tyuni kidogo kidogo, ashushe hapo kwanza ndo waanze mazoezi.